Kutu ya Kijani

Shaba niliijua kwanza mkononi mwa bibi yangu, Bungoma. Alivaa bangili nene nyekundu, na siku za jasho ilimwachia alama ya kijani kwenye kifundo. Alikuwa akiisugua kwa majivu na ndimu, ikarudi kung'aa. "Shaba nayo hupata kutu, mjukuu wangu," alisema. "Ila kutu yake ni kijani."

Mara ya pili niliiona stesheni. Miaka ya sabini mwanzoni mjomba wangu alifanya kazi katika reli, na treni ya mizigo kutoka Uganda ilipopita alinionyesha mabehewa. "Ile ni shaba ya Kilembe," aliniambia. Kilembe iko chini ya milima ya Rwenzori. Uchimbaji ulianza 1956, shaba ikayeyushwa Jinja kwa umeme wa Owen Falls, kisha ikapita Tororo, Malaba na Bungoma kuelekea Mombasa. Nilikua nikiamini kwamba shaba ni mali ya watu wengine, ipitayo kwetu tu.

Imani hiyo ilibadilika miaka ya themanini, nilipokuwa mwalimu kijana Pokot Magharibi. Kila mwisho wa mwezi nilipanda matatu kutoka Kitale, nikapita Kapenguria na Ortum hadi Marich, pale milima inapokatika ghafla na nchi kame ya kuelekea Turkana inapoanza. Barabara ya Lodwar, iliyojengwa kwa msaada wa Norwei, ilikuwa imepasua miamba na kuacha kuta mpya za mawe. Siku moja mzee mmoja wa Kipokot alinikabidhi jiwe. Lilikuwa na mkanda mweupe, na juu yake rangi ya kijani iliyokolea. Niliikumbuka mara moja bangili ya bibi.

Tulichimba. Vijana walishuka kina cha watu wawili wakifuata mkanda ule, na habari zikafika mbali. Akaja dalali, akajaza magunia, akaacha ahadi ya malipo. Hakurudi. Kule chini nako mkanda ulikonda hadi ukawa mwembamba kuliko kidole, kisha ukapotea. Wazee waliniuliza, "Mwalimu, imekwenda wapi?" Sikuwa na jibu, na jambo hilo lilinichoma kuliko hasara yenyewe.

Jibu nilipewa Kitale, na mwanajiolojia niliyempelekea kipande nilichobaki nacho. Alikivunja kwa nyundo na kunionyesha ndani vitone vya manjano vinavyometa. Yale ndiyo madini mama, shaba iliyoungana na salfa na chuma. Maji ya mvua na hewa yanapoyafikia, shaba huyeyuka kidogo kidogo, hupenya kwenye nyufa, kisha huganda ikiwa malakaiti, ile ya kijani. Kwenye nchi kame mvua ni haba, hivyo rangi hiyo hukaa juu ya mwamba miaka na miaka bila kuoshwa. "Mwalimu," alisema, "shaba kidogo sana inaweza kupaka ukuta mzima. Kijani kinakwambia shaba ipo. Hakikwambii ni kiasi gani."

Kisha akanieleza jambo lililonishangaza zaidi: sehemu ya miamba ya milima ya Sekerr, huko huko Pokot Magharibi, chini ya kilele cha Mtelo chenye mita 3,336, ni mabaki ya sakafu ya bahari ya kale, iliyobanwa na kuinuliwa mabara yalipogongana. Miamba ya jinsi hiyo ndiyo iliyoipa Oman shaba ya milima ya nyuma ya Sohar, iliyochimbwa tangu maelfu ya miaka iliyopita. Lakini ujamaa wa miamba hauleti utajiri sawa. Huko shaba ilijikusanya mahali pamoja kwa wingi. Kwetu, pale tulipochimba, ilikuwa imetawanyika kwenye nyuzi nyembamba. Hata mgodi halisi una mwisho: Macalder, kule Migori, ulifungwa 1966, na Kilembe ikasimama 1982.

Tangu siku hiyo nimeyaangalia mabadiliko ya uchimbaji kwa jicho jingine. Zamani mwenye jiwe hakuwa na pa kuuliza. Leo Sheria ya Madini ya 2016 inamtambua mchimbaji mdogo na kumpa kibali chake, na inaagiza mrabaha ugawanywe: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti, 10 kwa jamii ya mahali penye madini. Hamu ya shaba nayo imepanda, hata watu wanakata nyaya na kubomoa transfoma ili wauze shaba iliyomo. Januari 2022 serikali ililazimika kusimamisha biashara ya vyuma chakavu nchini kwa muda.

Kwa hiyo nawaomba vijana wa Pokot, Trans Nzoia na Bungoma: ukiokota jiwe la kijani, usimpe dalali gunia kwa ahadi. Pima upana wa mkanda, ufuate uone urefu wake, chukua vipande sehemu mbalimbali, kisha upeleke maabara na ofisi ya madini kabla ya kushika sururu. Kutu ya kijani ni habari tu. Mali ni ile iliyopimwa.