Bei Isiyo na Saa

Mzee aliyenifundisha kazi alizikwa Butembo, mashariki ya Kongo, mwaka jana. Matangani watu walisifu ukarimu wake, watoto wa ndugu aliowasomesha, michango yake kanisani. Ubao wake haukutajwa na mtu. Mimi nimekula kwa ubao ule tangu ujana. Sasa nimeuacha ukurasa wangu wa habari mikononi mwa wengine, na vijana wanakuja kuniuliza siri ya kupata wafuasi elfu kumi. Siri hiyo sina. Nina jambo jingine, na heri niliandike kabla sijaanza kusahau.

Utoto tuupite haraka. Nilizaliwa Butembo mwishoni mwa miaka ya 1970, baba akiuza vitenge, mama akiuza maharage. Jirani yetu alikuwa mmoja wa wale wafanyabiashara Wanande walioleta bidhaa kutoka Dubai, na baadaye kutoka Guangzhou, na nyumbani kwake kulikuwa na foni, redio ya mawasiliano. Kila asubuhi sauti ilikwaruza ikiuliza Kasindi, mpakani na Uganda: magari mangapi yamevuka? Hiyo ndiyo habari ya kwanza niliyoijua maishani. Rais na mawaziri nilikuja kuwasikia baadaye. Vita vya 1996 vikaja, vya 1998 vikafuata, shule ikakatika, nikashuka Kasindi kutafuta maisha.

Mpaka ulikuwa mikononi mwa RCD-K/ML, waasi wa Mbusa Nyamwisi. Wakubwa wa Butembo waliwalipa waasi ushuru kabla mzigo haujafika, nao wakapunguziwa kiwango. Katika biashara ya namna hiyo, anayejua mapema ndiye anayekula. Mzigo uko Kampala au umeshafika Kasese? Shilingi ya Uganda imeamkaje mbele ya dola? Mzee alikuwa déclarant, wakala wa forodha, mwenye kibanda cha mbao karibu na bariera, nami nikawa mbeba makaratasi wake, kutoka dirisha hadi dirisha la forodha, enzi ambazo iliitwa OFIDA, kabla haijawa DGDA.

Mlangoni alitundika ubao wa plywood uliopakwa rangi nyeusi. Kila asubuhi aliandika kwa chaki bei za vitu vichache: saruji ya Hima, petroli, sukari, chumvi, na kubadilisha dola kwa makambisti, yaani wabadilisha fedha. Kila bei ilikuwa na mambo manne ubavuni: mahali, kipimo, fedha na saa. Hakuandika tu "saruji" na namba. Aliandika mfuko wa kilo 50, Mpondwe, kwa shilingi, saa tatu na nusu ya Kasindi.

Hayo maneno "ya Kasindi" yanahitaji maelezo kwa asiyeishi kwetu. Mto Lubiriha unavukwa kwa miguu kwa dakika chache, lakini ng'ambo, Mpondwe ya Uganda, saa iko mbele kwa saa nzima. Mashariki ya Kongo iko saa mbili mbele ya Greenwich, Uganda iko saa tatu. Mtu wa Mpondwe akikwambia bei ya saa nne, kwetu ni saa tatu. Siku hizi mambo yamezidi, maana simu ikinasa mnara wa Uganda nawe umeketi Kasindi, saa yake inaruka yenyewe bila kukuaga. Katika saa hiyo moja malori kadhaa huweza kuvuka, na bei ikalala chini.

Nilimuuliza: "Papa, saa ya nini? Bei si ni bei?"

"Mwanangu, bei ya lini? Mtu ametoka Butembo usiku na pesa ya kukopa. Ukimtajia bei ya jana kwa sauti ya leo, umemwibia bila kugusa mfuko wake."

Hakulirudia somo hilo. Alinisimamisha kazi wiki nzima siku niliyoandika ubao bila saa, kisha akanirudisha.

Minara ya Celtel na Vodacom ilipofika nikauza mayunite ya simu, halafu nikafungua saiba ya intaneti: kompyuta chache kuukuu kutoka Kampala, jenereta inayokula faida yote, na modemu yenye kadi ya Uganda kwa kuwa mega zake zilikuwa nafuu. Humo ndimo nilimosoma blogu za Kiswahili kwa mara ya kwanza. Ndesanjo Macha alikuwa ameanza Jikomboe mwaka 2004, na Muhidin Issa Michuzi akaanza yake mwaka 2005 na kamera yake. Kwetu Kongo aliyefungua tovuti aliandika Kifaransa, ili asomwe Kinshasa na Brussels. Wasomaji niliowalenga walikuwa madereva wa malori kutoka Mombasa, makambisti, na akina mama wanaonunua kakao huku Ruwenzori. Nikaandika Kiswahili, na kitu cha kwanza nilichopandisha mtandaoni kilikuwa picha ya ubao wa Mzee.

Fedha ilitoka wapi? Matangazo ya mtandaoni hayakulipa hata mafuta ya jenereta. Wenye maduka wa Beni na Butembo walilipa kidogo kila mwezi, kwa simu, wapate bei alfajiri. Ikifika adhuhuri niliiweka wazi kwa kila mtu. Waandishi wenzangu wengi waliishi kwa coupage, ile bahasha anayoitoa mwenye shughuli ili aandikwe vizuri. Siwalaani, maana wengine walikaa miezi bila mshahara. Lakini ukurasa unaolipiwa na anayeusoma na ukurasa unaolipiwa na anayeandikwa si kazi moja, hata kama zote mbili zinaitwa habari.

Sasa nifike kwenye ugomvi juu ya saa ya bei. Nilikuwa na mshirika, kijana aliyenizidi mbali kwa kompyuta. Jina lake nalihifadhi. Alitaka tuondoe saa kwenye bei, na hoja yake haikuwa ya kijinga. Alisema msomaji akifungua ukurasa jioni akaona "saa tatu asubuhi" anafunga, anasema habari imechacha. Pasipo saa, habari ileile inaonekana mpya mchana kutwa, watu wanaisambaza, ukurasa unakua. Na kweli, tulipojaribu, ukurasa ulikua.

Kisha petroli ikaadimika. Mwenye ghala mmoja, mteja wetu, alijua kwamba malori yameshavuka Mpondwe na bei itaanguka kesho yake. Akaomba tuchelewe tu, auze shehena yake kwanza, na akaweka dola mezani. Mshirika wangu hakuona ubaya: habari itatoka vilevile, jioni badala ya asubuhi, na kwa kuwa hatuandiki saa tena, nani atajua? Hapo nilielewa alichokuwa akikilinda Mzee miaka yote. Saa isiyoandikwa inaweza kuuzwa. Bei ilitoka asubuhi ileile, na saa yake ubavuni. Mwenye ghala akaacha kulipa, na mshirika akaondoka kuanzisha ukurasa wake. Leo ana wafuasi wengi kunizidi mara nyingi. Wafanyabiashara wanamsoma kwa raha, kisha wananipigia mimi simu kabla ya kutoa pesa.

Kuna mahali pamoja tu ambapo Mzee alikataza saa: njiani. Kutoka Kasindi hadi Beni ni kilomita 80, kwa barabara kuu namba 4, na tangu mauaji ya Beni yalipoanza Oktoba 2014 njia zetu zimekuwa na wenye kuvizia. Kuna nyakati malori yalisindikizwa na wanajeshi. Ukiandika kwamba msafara umetoka Kasindi saa mbili, umewapa waasi wa ADF ratiba. Kwa hiyo bei huandikwa papo hapo, ila safari huandikwa ikiisha. Vijana wanaorusha video za msafara "moja kwa moja" wakiwa Bulongo wananikasirisha kuliko waongo. Mwongo utamkanusha kesho. Dereva aliyeuawa hutamrudisha.

Tulipata pia mafunzo kutoka serikalini, bila wao kukusudia. Tarehe 31 Desemba 2018, kesho yake ya uchaguzi ambao sisi wa Beni na Butembo tulikuwa tumenyimwa hadi Machi kwa sababu ya Ebola na usalama, Kinshasa ilikata intaneti nchi nzima karibu wiki tatu. Kasindi tulinasa mtandao wa Uganda, na simu zikawa zinatoka Beni kuuliza mambo ya Kongo kwetu mpakani. Januari 2021 ikawa zamu ya Kampala kukata, nasi tukawasomea watu wa Bwera, ng'ambo ya mpaka, habari zao wenyewe. Kila mtandao uliporudi, jumbe za siku nyingi zilimiminika zote pamoja, za kale na za leo zikiwa na sura moja. WhatsApp inakuonyesha saa ujumbe ulipotumwa. Saa jambo lilipotokea haiijui, na haidai kuijua. Ni juu ya mwandishi.

Jumapili ya tarehe 15 Januari 2023 bomu lililipuka kanisani hapa Kasindi, wakati wa ubatizo. Jeshi lilitoa hesabu yake, serikali yake, asasi za kiraia yao, na hesabu ya waliofariki ikazidi kupanda. Kundi la Dola la Kiislamu likadai ndilo lililofanya. Kurasa nyingi zilirusha namba tupu, kila moja ikiiita nyingine ya uongo, na familia zilizokuwa zikitafuta watu wao hospitalini zikachanganyikiwa zaidi. Sisi tuliandika kila hesabu na saa yake na aliyeitoa, moja chini ya nyingine, bila kufuta ya kwanza. Mtu wa Beni aliniambia ndiyo orodha pekee aliyoielewa siku ile. Ilikuwa ubao wa Mzee, ila safari hii haukuwa wa saruji.

Tangu waasi wa M23 waichukue Goma mwishoni mwa Januari 2025, ofisi za mkoa zimehamia Beni, na macho yameelekea mpaka wetu kuliko zamani. Kila anayeshika simu sasa ni mwandishi. Hatari yake tulishaionja nchi ilipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022: sauti ilizunguka kwenye simu kwamba ushuru umefutwa Kasindi. Umefutwa lini, wa bidhaa gani, amesema nani? Hakuna aliyeuliza, na akina mama walifika barierani na pesa pungufu, wakaacha mzigo kwa watu wasiowajua.

Kwa hiyo, kijana unayetaka kufungua ukurasa Kasindi, Oicha au Kyondo, sikufundishi kupata wafuasi. Wapo watakaokufundisha, na watakutoza. Andika lugha ya mnunuzi wako. Mwache msomaji akulipe, hata kidogo. Namba yoyote, ya petroli au ya marehemu, iandikie mahali, kipimo, saa na aliyeitoa. Msafara usiutaje mpaka ufike. Likikosekana moja kati ya hayo, piga simu nyingine kwanza. Na kama hakuna wa kumpigia, usichapishe.