Meli Haikuwa Kazimia

Nilimshusha mpwa wangu Ziwa Tanganyika kutafuta meli isiyokuwepo, ngoma ya sikio lake la kushoto ikapasuka. Kosa ni langu.

Tangu utotoni nilisikia kwamba mbele ya Kazimia, upande wa Kongo, imelala meli ya Wajerumani ya vita vya 14-18. Ualimu ukanipa ujasiri wa kuongezea. Nilikuwa nimesoma kwamba meli yao Hedwig von Wissmann ilizamishwa kwa mizinga tarehe 9 Februari 1916, na kwamba Julai mwaka huohuo Wajerumani waliizamisha wenyewe meli nyingine, Graf von Götzen, mashine zikiwa zimepakwa grisi ili waje kuiibua, ikatua kwenye kina cha meta 20 hivi. Nikachukua kina cha hii, mizinga ya ile na maneno ya wazee, nikapata meli moja, ya karibu, yenye shaba ya kuuza.

Mitungi ya hewa hatukuwa nayo. Tulifunga jiwe kwenye kamba ya nyavu, kijana akalishika, nami nikabaki mtumbwini nikiachia kamba. "Ukigusa chuma, vuta mara mbili," nilimwambia.

Hakuvuta. Aliibuka akitapatapa, kiganja sikioni, damu ikichanganyika na maji shingoni. "Mjomba, hakuna chini," alisema. Nikatazama kamba. Ilikuwa imekwisha yote, na jiwe bado linaning'inia. Hapo nikaelewa. Kila mwaka nawafundisha watoto kwamba Tanganyika ina kina cha zaidi ya meta 1,400, na siku ile sikujiuliza kamba yangu itafika wapi.

Tena sikujua mbizi. Ukifika meta 10 tu, mgandamizo unakuwa mara mbili ya ule wa juu. Mzamiaji aliyefunzwa hubana pua na kupuliza polepole tangu mwanzo, kabla sikio halijauma, na likigoma anapanda kidogo. Jiwe halimpi mtu nafasi hiyo. Ningeweza kuuliza kabla. Sikuuliza.

Linaloniuma zaidi ni kwamba Götzen nilishaiona kwa macho yangu. Ilizamishwa ng'ambo, upande wa Tanzania, karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Nilipokuwa mkimbizi Kigoma niliitazama ikipakia abiria bandarini. Hedwig nayo ilizama mbali kusini, upande wa Kalemie.

Matibabu nililipa mimi. Kusikia hakukurudi kote. Ukimwita kutoka kushoto, hageuki. Dada yangu nilimweleza mwenyewe, bila kumsingizia mtoto wala upepo. Akaniuliza ni nani aliyewahi kuigusa hiyo meli. Nikamjibu kwamba simjui hata mmoja.