"Pick Me" ya Nairobi na "Pick Me Up" ya Leicester

Mwambie rafiki yako wa Nairobi, Kampala au Arusha kwa Kiingereza, "Pick me at seven," naye saa moja atakuwa mlangoni kwako. Hatauliza swali. Mwambie hivyohivyo mfanyakazi mwenzako wa Leicester, Uingereza, naye pia atakuelewa, ila atasita kidogo kwanza, kwa sababu masikioni mwake umesema "nichague". Kilichopungua ni neno moja fupi: "up".

Neno hilo fupi linawasumbua sana ndugu zetu wanaohamia Uingereza. Mtu amesoma kwa Kiingereza tangu kidato cha kwanza hadi chuo kikuu, anaandika ripoti safi, halafu anafika kazini na kukuta wenzake wanazungumza lugha ambayo vitabu vyake havikumwonyesha. Anaanza kujiona hajui. Mimi nasema anajua. Alichonacho ni Kiingereza cha Afrika Mashariki, chenye taratibu zake, na sasa anatakiwa kujifunza kingine bila kukitupa cha kwanza. Katika kazi hiyo Kiswahili kinaweza kumsaidia kuliko wengi tunavyodhani.

Tuanze na kwetu. Wanaisimu wamekwisha kuandika kwamba Kiingereza cha Kenya, Uganda na Tanzania hupenda kuliacha "up" kando. "Pick me at the stage." "I called but he is not picking." Sababu yake haiko mbali. Kiswahili hukamilisha tendo hilo kwa neno moja: nipitie, nichukue, pokea, okota. Kuhusu simu, Mkenya husema "hashiki", Mtanzania husema "hapokei", na wote wawili wakihamia Kiingereza husema "he is not picking". Hakuna anayemsahihisha mwenzake, kwa kuwa hakuna aliyekosa kuelewa. Maneno yanayofanya kazi yake kwa mamilioni ya watu, mwaka hadi mwaka, ni matumizi yaliyokomaa.

Shule nayo ilituelekeza kwingine. Tanzania Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia kuanzia sekondari, na tulikipata zaidi kupitia biolojia, historia na jiografia. Huko tulikutana na "collect", "receive", "acquire" na "improve", maneno yenye asili ya Kilatini na Kifaransa, yanayofaa mitihani na barua rasmi. Mtihani haukutuuliza nani anamfuata mtoto shuleni leo.

Uingereza swali hilo linaulizwa kila siku ya shule. Kwetu mtoto wa darasa la kwanza mara nyingi hurudi nyumbani na dada yake au na watoto wa jirani, na mtu mzima yeyote anayewajua wazazi wake anaweza kumshika mkono na kumvusha barabara. Huku shule ya watoto wadogo huwa na orodha ya watu wanaoruhusiwa kumchukua mtoto, na mwalimu hamkabidhi kwa mtu asiyekuwemo. "Who's picking her up today?" ni swali la usalama. Mzazi mgeni anahitaji kulisikia vizuri na kulijibu bila kubabaika: "My sister is picking her up."

Ukitoka shuleni, kitenzi hichohicho kinakungoja kwa mfamasia. Daktari hutuma maagizo ya dawa kwa kompyuta moja kwa moja hadi duka la dawa, kisha unaambiwa ukai-"pick up", yaani ukaichukue ikiwa tayari. Bustanini bango linawaamuru wenye mbwa "pick up after your dog", maana yake wazoe kinyesi cha mbwa wao. Nyumbani mama anamwambia kijana wake "pick up after yourself": okota ulivyovitupa, panga vitu vyako. Kazini msimamizi anasema biashara inaanza "to pick up", na wewe unapaswa kujua kwamba imechangamka. Jirani anasema ameya-"pick up" mafua kwenye treni, na kwamba mwanao ameki-"pick up" Kiingereza upesi. Wakitoka kula pamoja, mmoja anasema ata-"pick up" bili, naye kwa Kiswahili angesema tu, "Leo juu yangu."

Mtu akipewa maana zote hizo kama orodha ya kukariri, atachoka kabla hajafika katikati. Lakini zina ukoo. Maana ya kwanza ni kuokota: kitu kiko chini, unakiinua. Abiria yuko kando ya barabara, gari linasimama na kumpakia. Tunalijua hilo vizuri, maana hata gari la kubebea mizigo tunaliita pikapu. Simu za zamani zilikuwa na mkono uliolala juu ya kisanduku, na kuijibu simu kulikuwa kuuinua mkono huo. Kisha yanakuja mambo ambayo mtu huyaokota njiani bila kukusudia: mafua, tabia, lugha ya mtaani. Mwisho ni vitu vinavyojiinua vyenyewe: upepo ukizidi, biashara ikichangamka. Ukiushika mnyororo huo, maana mpya ukiisikia utaweza kuipachika mahali pake.

Hapa ndipo ninapotaka kuwaomba ndugu zangu wakitazame Kiswahili chao. Sote tunajua tofauti ya "nipige" na "nipigie". Ya kwanza ni kuomba kipigo, ya pili ni kuomba simu. Kilichozitenganisha ni irabu moja, kiambishi cha kauli ya kutendea, na hakuna mtoto wa Tanga au Mombasa anayeikosea. Mzungu anayejifunza Kiswahili huipoteza mara kwa mara, nasi tunamwelewa, tunatabasamu na kumrekebisha kwa upole. "Up" ndani ya "pick me up" inafanya kazi ya namna hiyo. Waingereza waliiweka nje ya kitenzi, sisi tukaiweka mkiani mwake. Anayezitawala chagua, chagulia, chagulisha na chaguana hawezi kushindwa na vitenzi vya Kiingereza vya maneno mawili.

Hata kanuni ya mpangilio, inayowatesa wanafunzi wengi, ina mwenzake kwetu. Kwa Kiingereza unaweza kusema "pick up the child" au "pick the child up". Ukitumia kiwakilishi, njia inabaki moja: "pick him up". "Him" lazima ikae katikati. Sasa tazama "nimemchukua": ile "-m-" nayo imeingia katikati ya kitenzi, haikubali kukaa mwishoni. Mwalimu akilionyesha hilo ubaoni mara moja, mwanafunzi hatalisahau.

Isitoshe, ugumu huu si wa Waafrika peke yetu. Mtunga kamusi Mwingereza Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake kubwa ya mwaka 1755, aliandika kwamba vitenzi vinavyobadilishwa maana kwa neno dogo linalofuata ndivyo vinavyowapa wageni tabu kubwa kabisa. Jina la vitenzi hivyo, "phrasal verb", lilienezwa na mwandishi Logan Pearsall Smith katika kitabu chake cha mwaka 1925, naye alisema alipewa na Henry Bradley, mmoja wa wahariri wa kamusi ya Oxford. Waingereza wenyewe, basi, walikuwa na vitenzi hivi karne nyingi kabla ya kupata jina lililokaa la kuviita.

Kuna tahadhari moja ambayo mgeni anastahili kuambiwa waziwazi. "I picked her up at the station" ni maneno ya heshima: nilikwenda kumpokea stesheni. "I picked her up in a bar" yanaweza kuwa na maana ile ambayo vijana wa Dar es Salaam huiita kuopoa. Kitenzi ni kilekile, mahali ndipo panapobadilisha maana. Vilevile ukisikia polisi wamem-"pick up" mtu, usidhani wamempa lifti, wamemkamata.

Kwa walimu wa nyumbani nina ombi. Wafundisheni watoto "collect" na "receive", kwa maana barua na mitihani inazihitaji. Lakini wapeni pia "pick up" ndani ya mazungumzo ya shuleni, hospitalini na kazini, na muilinganishe na nipigie na nimemchukua. Msiwaambie kwamba "pick me" ni Kiingereza kibovu. Waambieni ni ya kwetu, inatosha kuanzia Mombasa hadi Kampala, na kwamba ng'ambo kuna nyingine ya kuijua.

Sisi tuliotangulia huku tuna wajibu mzito zaidi. Mgeni akisema "pick me", asichekwe, hasa mbele ya watoto wake ambao tayari wanazungumza kama wenyeji. Tumpe sentensi kamili atakazozihitaji wiki yake ya kwanza: ya langoni mwa shule, ya kwa mfamasia, ya kuomba kupitiwa asubuhi kwenda kazini. Amekuja na Kiingereza chake na Kiswahili chake, na kwa mtaji huo wa lugha mbili hiki cha tatu atakimudu.