Kutoka Glasgow hadi Inverness kwa Siku Moja

Msafiri wa peke yake katika Uskoti, kaskazini ya Uingereza, hana budi kuamka mapema. Treni ziendazo Fort William kutoka Glasgow ni chache, na aikosaye ile ya asubuhi siku yake imepotea.

Njia hiyo ilifunguliwa mwaka 1894. Hupita Rannoch Moor, nyika tupu ya kinamasi, ambako wajenzi hawakuona ardhi ngumu. Wakatandika matawi na mizizi ya miti, wakamwaga udongo na majivu maelfu ya tani, hata reli ikakaa juu yake kama mashua. Hata leo treni hupita papo hapo, na abiria asiyejua habari hizi husinzia tu. Stesheni ya Corrour haifikiwi na barabara kuu yoyote. Ashukaye hapo na ajue kwanza atakavyoondoka.

Fort William ndipo moyo humdunda msafiri. Treni na basi si mali ya kampuni moja, na dereva wa basi hamngoji mtu aliye bado njiani. Akiliwahi, heri akae upande wa kulia, apate kuona Loch Ness, ziwa jembamba la maili 23, maji yake meusi.

Tangu asubuhi jirani zake hawakumsemesha. Lakini huko Inverness kila ashukaye humwambia dereva ahsante, naye akasema vivyo hivyo.