Unyenyekevu wa Ua

Kiberege, katika bonde la Kilombero, joto na maji ni tele. Matete hushindana kwenda juu hata yakapita kimo cha mtu. Karibu na kilele cha Kilimanjaro shindano hilo ni mauti, kwani kila mchana ni kiangazi na kila usiku ni kipupwe. Ua liitwalo Helichrysum newii huishi huko kwa kuinama: vitawi vyake vifupi hubanana kama mto wa kulalia, vikahifadhi joto na unyevu, majani huvaa manyoya meupe. Ndani ya kasoko ya Kibo limeonekana mita 5,760 juu ya bahari, penye ardhi ipashwayo moto na mvuke wa volkano. Unyenyekevu huliokoa na upepo. Hauliokoi na unyayo wa mtu.