Usituambie Matokeo



Juma hili tunapenda kuwashirikisha jambo lililotupata Dominika ya 3 ya Kwaresima, tarehe 24 Machi 2019. Wengi wenu mnaikumbuka siku ile. Saa 12 jioni Taifa Stars ilicheza na Uganda jijini Dar es Salaam, ikitafuta nafasi ya kwenda fainali za Mataifa ya Afrika nchini Misri. Hadi siku ile, mara ya mwisho tulikuwa tumefika fainali hizo mwaka 1980, kule Nigeria. Tena ushindi wetu peke yake usingetosha. Ilipasa Lesotho nao wasishinde ugenini Cape Verde.

Jioni ile tulikuwa na ibada kigangoni, mchezo ukatupita. Tukaazimia kutazama marudio ya mabao usiku kwenye televisheni, bila kujua matokeo. Tukazima simu. Tulipokaribia Manundu tukapandisha vioo vya gari, maana honi za bodaboda ni watangazaji wasioombwa. Mwamini mmoja akatupungia mkono kwa furaha. Tukatazama pembeni, tusije tukahesabu vidole vyake. Hapo tulipaswa kujishtukia. Hatukujishtukia.

Saa 4 usiku, tukiwa tumeketi mbele ya televisheni, tukasikia hodi. Alikuwa katekista. Kabla hajafungua kinywa tukapaza sauti: "Katekista, usituambie matokeo!"

Naye, mtu mtii, akanyamaza. Akasimama mlangoni akihema, kofia mkononi. Kisha akasema kwa upole: "Samahani, Baba Paroko. Si habari ya mpira. Mzee wetu hali yake ni mbaya, anaomba Mpako wa Mafuta. Tumepiga simu tangu saa 1."

Tangu saa 1! Tukachukua Mafuta Matakatifu na Ekaristi, tukaondoka mbio. Kwa huruma ya Mungu tulimkuta hai, na akili zake timamu. Akaungama, akapakwa mafuta, akapokea Komunyo Takatifu. Kando ya mto wake palikuwa na redio ndogo. Tulipokwisha kumbariki, akatuashiria tusogee, akanong'ona: "Baba, tumeshinda. Tatu bila. Msuva, Nyoni, Morris." Alikuwa amengoja miaka 39, hakutaka kuondoka na habari ile peke yake. Alifariki alfajiri.

Asubuhi ya Dominika ile tulikuwa tumewahubirieni mfano wa mtini usiozaa, na mtunza shamba aliyeuombea mwaka mmoja zaidi. Tuliwahimiza mtumie vema muda mliopewa. Usiku, saa 3 ambazo mgonjwa alitungoja, sisi tulizitumia kujikinga na habari.

Kutotaka kujua matokeo si dhambi. Mchezo una utamu wake. Lakini tukiziba masikio ili habari moja isiingie, hata sauti ya anayetuhitaji hubaki nje.

Baadaye tuliyatazama mabao yale, tukiwa tunayajua yote matatu. Furaha haikupungua hata kidogo. Ndivyo tuingiavyo Juma Kuu kila mwaka: twajua kaburi litakutwa tupu, na bado Ijumaa Kuu twapiga magoti na kulia.

Tangu usiku ule simu ya paroko haizimwi. Pigeni, hata wakati wa mpira.

Tunawatakia Dominika njema. Mungu awabariki.