Tatu na Nne ni Saba: Mafumbo ya Herufi katika Somo la Kiswahili

Ndugu walimu, na nyinyi mnaojifunza lugha hii, upo mchezo wa hesabu ambao hauhitaji tarakimu hata moja ubaoni. Huandikwa maneno matupu, moja chini ya jingine, kisha mstari, kisha neno la jumla. Kila herufi imeficha tarakimu yake. Herufi moja haiwi na tarakimu mbili, tarakimu moja haimilikiwi na herufi mbili, wala neno haliruhusiwi kuanza kwa sifuri. Mwenye kufumbua hana budi kuzirudisha tarakimu mahali pake mpaka hesabu isimame sawasawa.

Mashuhuri kuliko yote ni fumbo la Mwingereza Henry Dudeney, lililochapishwa katika gazeti la Strand la London mwezi wa Julai 1924. Alijumlisha maneno SEND na MORE akapata MONEY. Yaani mtu anaomba apelekewe fedha zaidi. Jibu lake ni 9567 na 1085, jumla 10652, na hakuna jingine. Dudeney hakusoma chuo chochote; alianza kazi ya ukarani akiwa na umri wa miaka 13, na hesabu alijifundisha mwenyewe. Sisi wa Burundi tuna sababu ya kukumbuka pia mji wa Brussels, kwa kuwa katika jarida la huko lililoitwa Sphinx, lililotoka kati ya 1931 na 1939, ndimo mchezo huu ulimopewa jina lake la kitaalamu kwa Kifaransa. Jina hilo halitusaidii hapa. Darasani twasema fumbo la herufi, na watoto wameelewa.

Tulipolileta jambo hili katika kikao chetu cha walimu, maneno yalikuwa mengi. Mwenzetu wa hesabu alisema kwamba huo ni mchezo wa chumba chake na wala si wa chumba chetu. Mwingine, mwalimu wa Kiswahili kama sisi, aliona kwamba neno likishageuzwa kuwa tarakimu limekwisha uawa. Wa tatu ndiye aliyesema lililotuuma: kwamba Kiswahili ni lugha ya soko na ya bandari, chafaa kwa kuulizana bei ya ndagara, lakini kufikiri kwa hatua, hoja ikiishika hoja, hufanywa kwa Kifaransa. Hakusema kwa ubaya. Hapa kwetu mtoto hufunzwa kuhesabu kwa Kirundi, kisha huhamishiwa Kifaransa. Kiswahili humkuta akiwa amekwisha jifunza kujumlisha kwa lugha mbili nyingine. Tena wengi wetu tumewahi kusikia jina la Mswahili likitajwa kana kwamba maana yake ni mjanja wa maneno. Ikiwa walimu wenyewe tunaamini kwamba lugha hii haina nguvu ya kubeba hoja, basi tunafundisha nini?

Hatukujibizana naye. Tuliingia darasani tukaandika ubaoni:

TATU + TANO = NANE

Kila mtoto anajua kwamba tatu na tano ni nane. Je, herufi nazo zakubali? Darasa letu lina watoto wa Buyenzi, ambao Kiswahili wamekinyonya, na watoto waliotoka milimani, ambao wamekipata vitabuni. Wale wa Buyenzi walianza kwa kelele, wakibahatisha tarakimu hii na ile. Baada ya nusu saa hapakuwa na jibu, na ubao ulikuwa umejaa vumbi la chaki.

Aliyelimaliza ni msichana mmoja wa milimani, mkimya, ambaye wenzake walizoea kumcheka kwamba anasema kama kitabu. Alianza na safu ya makumi. T ikijumlishwa na N inatoa N ile ile. Kitu unachokiongeza juu ya N kikairudisha N ni sifuri au ni kumi. T haiwezi kuwa sifuri kwa sababu inaanza neno. Basi T, pamoja na moja iliyopanda kutoka safu ya mamoja, ni kumi, na T ni 9. Akahamia mamia. A na A, pamoja na moja iliyopanda kutoka makumi, zinatoa A. Hapo tena A na moja ni kumi. Kisha akasema sentensi ambayo tuliiandika daftarini mwetu jioni ile: “Lau fumbo hili lingekuwa na jibu, T ingekuwa 9 na A ingekuwa 9, na wawili hawawezi kukaa katika kiti kimoja.”

Walimu wa Kiswahili mtaelewa kwa nini tulisimama. Kwa miaka mingi tumefundisha -nge- kwa mifano ile ile ya mtu ambaye angekuwa na fedha angenunua gari. Mwanafunzi huijaza nafasi iliyoachwa, hupata alama zake, wala asiihitaji tena maishani. Hapa kiambishi hiki kilikuwa na kazi. Kulikana jambo kwa kulikubali kwanza, ukalifuata hadi likajivunja lenyewe, ndiyo njia kongwe ya wanahesabu wote. Na Kiswahili kimeitengea kiambishi chake. Watoto wa Buyenzi, ambao mitaani husema “kama T ni 9” kwa kila hali, iwayo na isiyokuwa, waliona siku ile kwamba kile kisemwacho na kitabu kina sababu. Kicheko kilipungua. Hatusemi kwamba kilikwisha.

Siku ya pili tuliwapa jingine:

TATU + NNE = SABA

Hili lina majibu, na njia yake ni ya kupendeza, kwa hiyo tutaifuata polepole. Anza na mamia. A na N zinatoa A. N inaanza neno, kwa hiyo si sifuri. Basi N pamoja na moja iliyopanda kutoka makumi ni kumi, na N ni 9. Moja inapanda kwenye maelfu, nayo T ikiipokea hugeuka S. Kwa hiyo S imeizidi T kwa moja. Sasa makumi: T na 9, na pengine moja kutoka mamoja, zinatoa B na kupandisha moja. Kama mamoja yangepandisha moja, B ingekuwa sawa na T, jambo ambalo sheria inalikataa. Hivyo mamoja hayapandishi kitu, na B imepungua chini ya T kwa moja. B, T na S zimepangana kama ngazi. Katika mamoja imebaki U na E kutoa A, bila kufika kumi.

Hapo palizuka ubishi. Mmoja alipata jibu, jirani yake akapata jingine, na kila mmoja akajumlisha mbele ya darasa na kuthibitisha kwamba lake ni sahihi. Tuliwaacha wahesabu majibu yote kwa zamu, ngazi kwa ngazi. Ngazi ya 1, 2, 3 haitoi hata moja. Ngazi ya 6, 7, 8 inatoa manane. Kwa jumla yalikuwa 32. Tena walitambua kwamba fumbo hili peke yake haliwezi kamwe kuwa na jibu moja, kwa sababu U na E hukutana katika safu ya mamoja tu na hazionekani penginepo; wakibadilishana viti, jumla haina habari.

Wapo wanaosema kwamba fumbo lenye majibu 32 ni fumbo bovu. Kwa kanuni za magazeti wamesema kweli, kwani mtungaji mwema huhakikisha jibu ni moja. Lakini kwa darasa la lugha sisi twaliona bora kuliko la Dudeney, maana watoto 32 waweza kuwa na haki kwa pamoja, kila mmoja akalazimika kueleza haki yake kwa maneno. Na raha yenyewe ilikuwa bado.

Kwani tuliuliza: kama neno ni SABA, si haki ligawanyike kwa saba? Watoto walishika kalamu. Kati ya majibu yote 32, ni manne tu ambamo SABA hugawanyika kwa saba bila kubakisha, na katika yote manne SABA ni 5838. Tukauliza tena: na TATU igawanyike kwa tatu. Likabaki moja:

4842 + 996 = 5838

Mwanafunzi mmoja aliyekuwa amekaa nyuma akasema, bila kuulizwa na mtu, kwamba 996 yagawanyika kwa nne. Na kweli: 996 ni nne mara 249. Sharti hilo hatukuliweka, lilikuja lenyewe. Mwenzetu wa hesabu, aliyekuwa amesimama mlangoni akijifanya anapita, aliingia akachukua chaki akagawanya mwenyewe mara mbili.

Tulipokuwa tukiyatazama maneno hayo matatu, mtoto aliuliza kwa nini tatu na nne zinafanana na gatatu na kane za Kirundi, ilhali saba haifanani na indwi. Swali hilo lilimeza kipindi chote kilichofuata, wala hatukujuta. Sita, saba na tisa Kiswahili kimezipata kwa Kiarabu. Moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi ni za Kibantu. Zipo kumbukumbu za maneno ya zamani zaidi. Kenda kwa tisa bado yajulikana, na Mrundi akiisikia huitambua mara moja kwa icenda yake. Fungate, zile siku saba za maarusi, imehifadhi neno la kale la saba. Basi katika fumbo letu Wabantu wawili wamejumlishwa wakazaa Mwarabu, na hesabu haikuona aibu. Watoto walijaribu kulitunga kwa Kirundi pia, lakini GATATU ina herufi sita na INDWI ina tano. Hilo lilikufa kabla ya kuzaliwa.

Kwa mwalimu atakayetaka kutunga yake, tuna machache ya kumtahadharisha. Maneno yetu huisha kwa irabu, na irabu ni tano tu, kwa hiyo safu ya mamoja hubanwa mapema. Maneno mawili yakiisha kwa A na jumla ikiisha kwa A, basi A ni sifuri, hapana njia nyingine. MOJA na SITA kutoa SABA kwaonekana kama fumbo, lakini katika maelfu M ingelazimika kuongezwa kwenye S bila kuibadilisha, na M si sifuri. Herufi zote zisizidi kumi. Kuhusu CH, sisi tumeamua kuihesabu kuwa herufi moja, kwa kuwa C peke yake haina makazi katika Kiswahili; lakini SH na NG tumeziacha zitengane, na tunakiri kwamba hapo tumefuata wepesi kuliko sheria. Wengine waamue watakavyo, mradi watangaze kabla ya kuanza.

Tena usilitoe kila juma. Mtoto ambaye ni dhaifu wa hesabu na dhaifu wa lugha huumizwa mara mbili katika kipindi kimoja. Sisi huwaketisha wawili wawili, mmoja akiandika, mwingine akisema. Na anayesema haruhusiwi kushika kalamu. Kwa namna hiyo maneno hayana pa kukwepea. Yule aliyezoea kunyoosha kidole ubaoni na kusema “hii, na hii, halafu hii” hulazimika kusema safu ya mamia, moja iliyopanda, isipokuwa, kwa hiyo, haiwezekani.

Siku hizi simu ya mkononi ikipewa TATU na NNE itajaribu mipango yote 604,800 ya kuzipa herufi saba tarakimu kumi, na kuyatoa majibu 32 kabla hujakohoa. Mwanafunzi mmoja alifanya hivyo nyumbani kwa kaka yake akaja na orodha kamili. Tulimpongeza, kisha tukamwomba atueleze kwa nini katika majibu yote N ni 9. Orodha haikumwambia. Aliketi chini akaanza na safu ya mamia kama wenzake.

Yule mwenzetu wa Kiswahili cha soko hajabadili kauli yake, nasi hatumlazimishi. Lakini juzi alituomba fumbo la kuwapa watoto wake nyumbani. Tulimpa hili, nanyi tunawaachia:

SABA + TATU = KUMI

KUMI igawanyike kwa kumi, na TATU igawanyike kwa tatu. Anzeni na herufi I, kisha mtazame mamoja na mamia kwa pamoja. Jibu ni moja tu. Msimtake SABA agawanyike kwa saba. Tumemjaribu, na kila mara amebakisha moja.